Kamba, Msumari na Mtambo

Kijiji cha Utende kiko kusini-mashariki ya kisiwa cha Mafia, penye ghuba ya Chole. Mtu asimamaye pwani yake hukiona kisiwa cha Chole ng'ambo ya maji, na nyuma yake kisiwa cha Juani. Maji yakijaa, vyombo vya namna nyingi hupita hapo: ngalawa, mashua, na maboti ya mtambo. Ajuaye kuvitazama vyombo hivi hufahamu jinsi kazi za watu zilivyogeuka tangu zamani hata leo.

Hapo kale vyombo vya pwani ya Waswahili havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashonwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi, kama fundi ashonavyo nguo. Mfanyabiashara mmoja Myunani, aliyeandika habari za safari za Bahari ya Hindi yapata karne ya 1, alitaja vyombo vilivyoshonwa katika nchi hizi. Mtepe ulikuwa wa jamaa hiyo, na tanga lake lilikuwa la mkeka.

Chombo cha namna hii kilitaka kamba nyingi mno, na kusokota kamba ilikuwa kazi ya wanawake. Walikusanya makumbi, wakayafukia katika mchanga wa pwani mahali maji yafikapo, wakayaacha miezi kadha wa kadha hata yakalainika. Kisha waliyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakazikausha nyuzi zake na kuzisokota. Basi, ingawa mwanamke hakushika tezo wala usukani, kazi ya mikono yake ndiyo iliyozishika mbao zisiachane baharini.

Baadaye msumari wa chuma ulienea. Chombo kilichoshonwa kilikuwa na uzuri wake: kikigonga mwamba kilinepa, hakikupasuka upesi. Lakini kilivuja, mabaharia wakawa hawana budi kukumba maji daima. Na kamba zilipooza, sharti zishonwe nyingine. Mbao zilizopigwa misumari zilishikana imara zaidi, na nafasi zake zilizibwa kwa pamba, kazi iitwayo kalafati. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka kabisa. Mshonaji wa vyombo alikosa kazi, naye mhunzi na mtia kalafati wakapata. Wanawake waliendelea kusokota kamba za matumizi mengine, mpaka kamba za nailoni zilipoletwa madukani. Kamba hizo haziozi katika maji ya chumvi, wala mtu hazingojei miezi. Hapo kamba ya makumbi ikapungua thamani, na fedha iliyokuwa ikiingia mkononi mwa mama ikapungua pia.

Mtambo wa moshi uligeuza hata miji. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitawala Mafia tangu mwaka 1890, waliweka serikali yao katika kisiwa cha Chole, ambacho tangu zamani kilikuwa na majumba ya mawe na wafanyabiashara. Jahazi lilifaa sana hapo, maana jahazi laweza kupwelewa likalala juu ya tope, kisha maji yakijaa likaelea tena. Meli ya moshi haiwezi hivyo. Hutaka maji marefu siku zote. Mwaka 1913 serikali ilihamishwa kwenda Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, mahali palipofaa zaidi kwa meli. Hata jina Kilindoni lakumbusha neno kilindi, yaani maji marefu. Fahari ya Chole ikafifia, na biashara ikaifuata bandari mpya. Magofu ya majumba yale yangaliko hata leo.

Kisha ukaja mtambo mdogo utiwao nyuma ya mashua. Nahodha wa tanga alisoma kaskazi na kusi kama mwanafunzi asomavyo ubao. Asipopata upepo alingoja. Mwenye mtambo hangoji. Huweza kumpeleka mgonjwa usiku, au kuuza samaki kabla hawajaharibika. Lakini upepo hauna bei, na petroli hununuliwa. Mtambo ukiharibika katikati ya bahari, naye hakujifunza tanga wala kasia, huwa maskini kuliko babu yake mwenye ngalawa.

Si kila chombo kipya kilileta faida. Katika karne ya 20 baadhi ya wavuvi walianza kutupa baruti baharini. Mlio mmoja ulileta samaki wengi juu ya maji, na mjinga akadhani amepata utajiri. Kumbe baruti ilivunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba na malezi ya samaki. Na matumbawe hukua polepole sana, yakivunjika huchukua miaka mingi kurudi. Mvuvi wa dema alimwachia mwanawe bahari yenye samaki. Mvuvi wa baruti alimwachia mwanawe mawe makavu.

Kwa sababu hiyo, baada ya sheria ya mwaka 1994, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliundwa mwaka 1995, nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Makao yake yako Utende. Kazi ambazo mababu hawakuziota zikaja: askari wa kulinda bahari, waongozaji wa wageni, na wazamiaji wachukuao mitungi ya hewa migongoni ili kuyatazama matumbawe yale yale ambayo wengine waliyavunja. Hata hivyo kila badiliko lina uchungu wake. Wavuvi wengine walikatazwa nyavu na mahali walipozoea kuvulia. Tena kazi hizi mpya humtaka mtu ajue kusoma, kuhesabu na kusema lugha za wageni; asiyejua hubaki pwani akiwatazama wengine wakipanda chomboni.

Wenye busara, basi, chombo kipya hawakikimbii, wala hawakipokei kwa macho yaliyofumbwa. Huuliza kwanza: Kitaondoa kazi ya nani, naye atakula nini? Kitatuachia nini kesho? Huko Chole mafundi wangali wanaunda vyombo kwa tezo na keke, na baadhi ya vyombo hivyo hutiwa mtambo. Hivyo maarifa ya babu na maarifa ya mjukuu husafiri katika chombo kimoja, wala hayagombani.

Maswali
1. Kwa nini wanawake walihitajiwa sana zamani za vyombo vya kushona?
2. Taja uzuri mmoja na ubaya mmoja wa chombo kilichoshonwa.
3. Kwa nini Kilindoni palifaa kwa meli kuliko Chole?
4. Eleza tofauti ya mvuvi wa dema na mvuvi wa baruti.
5. Taja kazi moja ya kwenu iliyopotea, na nyingine iliyozaliwa. Ni nani aliyepata, na ni nani aliyekosa?