Mshahara Umepanda, Lakini Kazi Iko Mbali: Piga Hesabu Kwanza

Umepigiwa simu: kazi mpya, mshahara mkubwa zaidi. Unatamani kusema ndio papo hapo. Ngoja kidogo, chukua kalamu.

Tuseme unaishi Kahawa West na unafanya kazi Roysambu kwa mshahara wa Sh45,000 kabla ya makato. Sasa unaitwa Industrial Area kwa Sh57,000. Hiyo ni nyongeza ya Sh12,000, sivyo? Twende polepole.

1. Toa makato

Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua asilimia 6 ya nyongeza hiyo (Sh720), SHIF asilimia 2.75 (Sh330) na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 (Sh180). Zinabaki Sh10,770, nazo zinakatwa PAYE ya asilimia 30, yaani Sh3,231. Pesa inayokufikia ni Sh7,539.

2. Toa nauli na chai

Tuseme leo unalipa Sh50 kwenda na Sh50 kurudi. Kazi mpya ni matatu mbili: Sh100 hadi tao, kisha Sh50. Kwa siku ni Sh300 badala ya Sh100. Kwa siku 22 za kazi, umeongeza Sh4,400. Na kwa sababu unatoka nyumbani kabla ya kupambazuka, chai na mandazi unanunua njiani: Sh50 kwa siku, Sh1,100 kwa mwezi.

Umebaki na Sh2,039. Na hapo mvua haijanyesha, maana ikinyesha, nauli hupanda.

3. Hesabu masaa

Ikiwa safari ya nusu saa inakuwa saa moja na dakika 45, unaongeza masaa mawili na nusu kila siku. Kwa mwezi ni masaa 55. Gawa Sh2,039 kwa 55: unalipwa kama Sh37 kwa kila saa unayokaa kwa jam. Je, uko tayari kukuta mtoto amelala kila jioni kwa bei hiyo?

4. Uliza roho yako

Kuna vitu hesabu haionyeshi. Kazi ya sasa inakufunza kitu? Bosi anakuheshimu? Jumapili jioni unawaza kazi kwa amani ama tumbo linakaza? Kama unaumia pale ulipo, hata Sh2,039 na safari ndefu inaweza kuwa nafuu. Pia, kazi mpya ikikupa ujuzi, bima nzuri ya matibabu au kandarasi ya kudumu, huenda faida ikaonekana baadaye.

Kabla ya kutia sahihi

• Fungua taarifa ya miamala kwa simu yako na ujumlishe nauli na chakula cha mwezi uliopita. Usikisie.
• Safiri hadi kazi mpya siku ya kazi, asubuhi, wakati wa msongamano. Jumapili barabara hudanganya.
• Omba marupurupu ya usafiri, au uruhusiwe kuingia na kutoka mapema.
• Ukifikiria kuhama, linganisha kodi ya nyumba, deposit na shule ya watoto.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mshahara nao ni hivyo hivyo. Andika hesabu yako leo, kisha uwapigie simu ukijua unachotaka.