Madaftari Mawili ya Ryszard Kapuściński

Ryszard Kapuściński alizaliwa mwaka wa 1932 mjini Pinsk, uliokuwa wakati huo katika Poland na sasa umo Belarus. Mwaka wa 1962 shirika la habari la Poland, PAP, lilimtuma Dar es Salaam awe ripota wake barani Afrika. Bara zima, mtu mmoja! Kwa maelezo yake mwenyewe, aliugua malaria, kisha kifua kikuu, akaamua kutibiwa papo hapo kwa kuchelea kwamba akirudishwa kwao hatatumwa tena. Januari 1964 aliingia Unguja siku chache baada ya Mapinduzi. Baadaye alishuhudia vita vya Honduras na El Salvador mwaka wa 1969, na vya Angola mwaka wa 1975.

Aghalabu mwanahabari huyu alikuwa na maandishi ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa habari fupi za kutumwa Warsaw kwa teleksi. Ya pili aliyahifadhi, nayo ndiyo yaliyozaa vitabu. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopata kazi. Katika Cesarz (1978), watumishi wa kasri la Haile Selassie wanasimulia anguko la bwana wao, wakitambulishwa kwa herufi tu. Mmoja anadai kuwa mfalme hakuwa msomaji kamwe. Ilhali Haile Selassie aliandika tawasifu yake mwenyewe! Isitoshe, wajuzi wa Kiamhari wametilia shaka lakabu za heshima zilizomo. Huko Poland, hata hivyo, wengi walikisoma kitabu hicho kama istiara ya chama tawala chao, na kwa jicho hilo kinasomeka vizuri mno.

Je, ni taarifa au ni riwaya? Kukiita riwaya kungekuwa njia rahisi ya kukitetea, lakini mtunzi hakukiuza hivyo, na Waethiopia wanaosawiriwa humo hawakuulizwa iwapo waliridhia kuwa istiara ya watu wengine.

Kapuściński alifariki mwaka wa 2007. Artur Domosławski alipoandika wasifu wake mwaka wa 2010 na kuhoji ukweli wa baadhi ya visa vyake, mjane wa marehemu alienda mahakamani kujaribu kuuzuia, akashindwa. Sura kuhusu Unguja imo katika Heban (1998). Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo msomaji wa Warsaw hakuwa nayo: anaweza kuilinganisha na masimulizi ya wenyeji waliokuwapo.