Mvua Haioni Bati: Mafunzo Niliyopata Nilipoligeuza Darasa

Ninafundisha hisabati kidato cha pili katika shule ya kata mkoani Dodoma. Kwa miaka mitatu sasa maelezo ya somo wanafunzi wanayapata kabla ya kipindi, halafu kipindi chenyewe tunakitumia kukokotoa, kupima na kubishana. Kila muhula tunafanya pia mradi mmoja, si zaidi, maana silabasi haisubiri.

1. Video si lazima

Walioipa umaarufu njia hii ya kuligeuza darasa ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa Woodland Park, Colorado, ambao mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Nami nilianza kwa kujirekodi kwa simu, nikapoteza majuma mawili. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na nyumbani simu ni ya mzazi. Nikaandika kitini cha ukurasa mmoja: maelezo kwa Kiswahili, istilahi kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho watakachokutana nacho kwenye mtihani, mfano mmoja, maswali mawili. Kilitosha.

2. Uliza kwanza nani anateka maji

Hili limenigusa kuliko yote. Mwanzoni niliwasimamisha wasiosoma kitini. Wengi wao walikuwa wasichana, wale wale kila siku. Nilimwita mmoja pembeni, akaniambia: "Mwalimu, nikitoka shule nateka maji, napika, naosha vyombo. Nikishika karatasi, taa imeshazimwa." Nilikuwa nikimwadhibu mtoto kwa sababu ya foleni ya kisimani. Nikamwomba mkuu wa shule nusu saa baada ya vipindi, wakisome kitini palepale kabla ya kuondoka. Tangu hapo sijamsimamisha mtu, na wale wasichana ndio wanaoniuliza maswali magumu zaidi.

3. Swali la mradi litoke pale mnaposimama

Nilikosoma tulilima shamba la shule kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Tulipalilia kwa bidii, lakini hakuna siku tuliyolipima shamba lile wala kukokotoa mavuno kwa eka. Nilitaka wanafunzi wangu wakipate hicho nilichokikosa.

Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na shule yetu huhangaikia maji. Basi tukauliza: paa la jengo la madarasa mawili linaweza kutupa lita ngapi? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Tupime bati, au tupime ardhi iliyo chini yake? Bati limeinama, kwa hiyo ni refu zaidi."

Nilitamani kumjibu, nikajizuia. Tukatoka nje, jua likiwa utosini. Akashika daftari likiwa limelala bapa, kisha akaliinamisha polepole, nasi tukakitazama kivuli kikipungua mchangani. "Mvua haioni bati," akasema mwenzake, "inaona kivuli." Wakapima chini, kutoka ukingo hadi ukingo wa paa: mita 18 kwa 8, yaani mita za mraba 144. Nimefundisha eneo miaka mingi ubaoni, na sikuwahi kuona darasa zima likielewa kwa mara moja namna ile.

4. Kosa lipewe muda wake

Makundi yalitega makopo yaliyonyooka kupimia mvua. Kundi moja likatega ndoo, likapata kina kikubwa kuliko wenzao. Kipindi kizima kiliishia kwenye ubishi huo, hadi wakagundua kwamba ndoo ina mdomo mpana na kitako chembamba, hivyo maji hupanda zaidi. Andalio langu la somo halikuwa na kipindi hicho. Ningekikata, ningewanyima nusu ya mradi.

5. Kundi ni mahali pa kujificha

Mmoja hufanya kazi, watano huandika majina. Sasa ninapiga kura kwa vikaratasi: jina likitoka, mwenye jina anaeleza kazi ya wote, na alama zake ni za wote. Wanafundishana bila kusukumwa.

6. Kazi imfikie anayeihitaji

Wanafunzi waliwasilisha hesabu zao mbele ya bodi ya shule. Zikapatikana fedha za gata upande mmoja wa paa, mita za mraba 72, na tangi la lita 2,000. Mwezi wa pili ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kengele, niliwakuta wanne wakinisubiri na rula: milimita 40. Walikuwa wameshakokotoa lita 2,880, wakatoa sehemu moja ya kumi inayopotea kabla ya kufika tangini, zikabaki 2,592. Tangi lilikuwa tupu jana yake. Waliniletea karatasi yenye mstari mmoja: lita 592 zimemwagika, tunaomba tangi la pili.