Kufundisha Mizani ya Virutubishi Baharini: Mfano wa Kilwa Kivinje

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi jinsi viumbe wadogo sana wa baharini wanavyoitikia upungufu na wingi wa virutubishi majini. Tumechagua mfano wa Kilwa Kivinje, mji wa wavuvi katika Mkoa wa Lindi, uliozungukwa na mikoko na ulio jirani na mahali Mto Matandu unapoingia baharini. Mtoto wa mji huu humjua samaki kabla hajaijua herufi. Asichokijua ni chakula cha samaki huyo kinatoka wapi; na hicho ndicho kiini cha somo letu.

Maarifa ya mwalimu

Katika maji ya bahari huelea mimea midogo isiyoonekana kwa macho bila hadubini. Mimea hiyo, pamoja na bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, hujitengenezea chakula. Wanyama wadogo huila, dagaa huwala wanyama hao, na samaki wakubwa huwala dagaa. Mimea hiyo ikidhoofika, madhara yake hufika hadi kwenye wavu wa mvuvi.

Ili ikue, mimea hii huhitaji kaboni, naitrojeni, fosforasi, na madini machache kama chuma. Tena huvihitaji kwa mizani maalumu. Kuanzia mwaka 1934, mtaalamu wa Kimarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba viumbe hawa hukaribia kuwa na uwiano mmoja popote baharini. Kwa hesabu inayotumika hadi leo, kila chembe moja ya fosforasi huambatana na chembe 16 za naitrojeni na chembe 106 za kaboni. Kinachopungua kuliko vyote ndicho kinachoweka kikomo cha ukuaji. Mwalimu aweza kulifafanua jambo hili kwa mfano wa jikoni: mwenye pishi tano za mchele na nazi moja hawezi kupika pishi tano za wali wa nazi. Nazi ndiyo inayoamua, si mchele.

Maji ya pwani yetu kwa kawaida yana upungufu wa naitrojeni kuliko wa fosforasi. Viumbe huitikia upungufu huo kwa njia mbalimbali, na hapa tutataja tatu.

Kwanza, wale wenye mwili mdogo sana hufaidika, kwa kuwa kiumbe mdogo ana uso mpana ukilinganisha na ujazo wake. Kwa hiyo huweza kufyonza hata kidogo kilichopo.

Pili, wako wanaoweza kutumia naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini, jambo ambalo mimea mingi haiwezi. Mashuhuri miongoni mwao ni bakteria aitwaye Trichodesmium, ambaye Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg alimpa jina hilo mwaka 1830 baada ya kumwona katika Bahari ya Shamu. Nyuzi zake hukusanyika katika vifungu vinavyoonekana kwa macho, vikielea kama unga wa mbao. Utafiti uliofanywa katika maji ya pwani ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba huongezeka zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa na joto na utulivu. Anapokufa, naitrojeni aliyoikusanya huwafaa wengine. Hata hivyo naye ana kikomo chake: hawezi kuitoa fosforasi wala chuma hewani.

Tatu, bakteria waozeshao majani ya mikoko hupata kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Ili kusawazisha, hufyonza naitrojeni iliyomo majini, na kwa njia hiyo jani lililooza huwa chakula bora kwa kaa kuliko jani bichi.

Upo pia upande wa pili wa mizani. Maji machafu ya mji, na mbolea inayosombwa na mvua za masika, huweza kuongeza virutubishi kupita kiasi. Ndipo aina chache za mimea hustawi ghafla na kuzishinda nyingine. Zinapokufa kwa wingi, bakteria wanaoziozesha hutumia oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi.

Jaribio

Vifaa vinavyohitajika ni chupa nne za lita moja zinazopitisha mwanga, kitambaa safi cha kuchujia, kijiko cha chai, maji ya bahari, mbolea ya urea yenye naitrojeni, na mbolea ya TSP yenye fosforasi.

Maji yatekwe bamvua linapojaa, mbali na mifereji ya mji, kisha yachujwe ili kuondoa wanyama wadogo walao mimea. Mwalimu mwenyewe ayeyushe kijiko kimoja cha urea katika lita moja ya maji baridi, na kijiko kimoja cha TSP katika lita nyingine. Chupa ya kwanza isitiwe kitu. Ya pili itiwe matone 10 ya maji ya urea. Ya tatu itiwe matone 2 ya maji ya TSP. Ya nne itiwe vyote viwili kwa vipimo hivyo hivyo, ambavyo vinaikaribia mizani tuliyoitaja. Chupa zifunikwe kwa kulegea, ziwekwe penye mwanga pasipo jua kali, na zitikiswe kila siku kwa muda wa wiki mbili.

Kabla ya kuanza, kila kikundi kiandike chupa ipi itakuwa kijani zaidi, na kwa nini. Tunatazamia kwamba ya nne itaongoza, ya pili itafuata kwa mbali, na nyingine zitabadilika kidogo sana. Matokeo yakiwa tofauti, mwalimu asiyasahihishe ili yalingane na kitabu. Awaulize wanafunzi: maji yalitekwa wapi? Mvua ilinyesha? Mtoni au mikokoni kulikuwa karibu? Pengine maji yale yalikwisha kupata naitrojeni mahali pengine, na kuligundua hilo ni somo kubwa zaidi.

Maji ya jaribio yasionjwe wala yasirudishwe baharini. Yamwagwe shimoni, mbali na kisima. Kila mtoto anawe mikono.

Hitimisho

Mwalimu asidharau maelezo ambayo watoto wamekuja nayo kutoka nyumbani. Mzee anayejua ni majira gani maji hubadilika rangi amefanya uchunguzi wa miaka mingi. Awaalike wanafunzi wamwulize, waandike majibu yake, na wayalinganishe na chupa zao.

Wanafunzi hawa ndio watakaoamua kesho kama mikoko ikatwe au isikatwe, na choo kijengwe wapi. Atakayeamua bila kuyajua haya ataamua kwa kubahatisha, na gharama italipwa na wavuvi. Kwa hiyo tunawahimiza walimu wanafunzi walifanye jaribio hili wenyewe chuoni, tangu kuteka maji hadi kuandika matokeo, kabla ya kulipeleka darasani.