Kabla Mkono Haujasogea, Ubongo Hufanya Nini?

Hebu fikiri kwamba unatoka mnadani jioni kwa baiskeli. Ghafla mbuzi anakatiza njia. Je, utafunga breki au utamkwepa? Unafunga breki, na mbuzi anapona. Jambo hilo limetokea upesi sana, lakini kichwani mwako imefanyika kazi kubwa.

Kwanza, macho yalipeleka habari kwenye ubongo. Pili, ubongo ulipima njia zilizopo. Wakati ukipima, haukungoja: ulianza kutayarisha kufunga breki na pia kukwepa. Tatu, njia moja ilishinda, nyingine ikazuiwa. Nne, amri ilipita katika uti wa mgongo na mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli ya vidole.

Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hans Kornhuber na Lüder Deecke, walieleza kuwa mtu anapokunja kidole kwa hiari yake, ubongo huanza kujitayarisha kiasi cha sekunde moja kabla kidole hakijasogea. Jambo likiwa la ghafla ubongo huharakisha zaidi, lakini haukosi kuhitaji muda.

Sasa tufanye hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu, amekwisha kwenda mita 17 kabla ya kugusa breki. Je, kama anayevuka barabara ya Singida hadi Manyoni si mbuzi bali ni mtoto wako?

Pombe huharibu kazi hizo zote. Macho huchelewa, ubongo huchagua vibaya, na tendo lililopasa kuzuiwa halizuiwi. Mnywaji hujiona hodari, kumbe mkono wake umechelewa. Uchovu na usingizi baada ya kutwa nzima ya kuvuna alizeti huleta hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo:
1. Ukinywa pombe, usiendeshe chombo, wala usishike shoka au mashine ya kukamua alizeti.
2. Ukichoka, pumzika kwanza.
3. Punguza mwendo penye watu na mifugo.
4. Vaa kofia ngumu uendeshapo pikipiki. Ubongo ukiumia, hauna badala.

Maswali ya kujadiliana
1. Taja kazi nne za ubongo kabla ya breki kufungwa.
2. Kijijini kwenu, ni mahali gani mwendo upunguzwe?