Flashi ikiomba kufomatiwa, usiikubalie

Mdogo wangu wa Mtowisa, ujumbe wako nimeusoma hadi mwisho, na kabla ya salamu nakujibu lile uliloniuliza: hapana, usibofye. Usifomati, hata kama kijana wa steshenari amekuambia ndiyo dawa, hata kama kompyuta inakurudishia dirisha lile lile kila unapoichomeka. Funga hilo dirisha, chomoa flashi, itie kwenye bahasha, kisha tuzungumze.

Kwa wasomaji wengine: huyu mdogo wetu ni mwalimu. Alikwenda steshenari kuchapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, na flashi ilikuwa imebeba azimio la kazi la mwaka mzima, alama za wanafunzi tangu muhula wa kwanza na picha za mahafali. Mtihani wenyewe aliufungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Akiwa anahifadhi masahihisho, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikamwambia kwamba diski iliyo kwenye E lazima ifomatiwe ndipo itumike. Kompyuta ya pili ikamwandikia kwamba mfumo wa faili ni RAW. Sasa anataka kujua kama kazi yake ya mwaka imekwenda na maji.

Kwa dalili hizo, mdogo wangu, nina matumaini kwamba haijaenda.

Fikiria maghala ya mahindi ya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, pale Sumbawanga. Magunia yamepangwa safu kwa safu, na mtunza ghala ana daftari linaloonyesha shehena ipi iko wapi. Daftari likilowa mvua, magunia hayajatoka ghalani. Kilichopotea ni namna ya kuyafikia. Flashi nayo ina daftari lake, na hilo ndilo tunaloliita mfumo wa faili. Flashi ndogo nyingi hutumia FAT32, mfumo uliotoka mwaka 1996 kwa kuendeleza FAT iliyobuniwa mwaka 1977. Flashi kubwa za siku hizi hutumia exFAT, ya mwaka 2006. Mifumo hii ni myepesi na inasomeka karibu kila mahali, ila ina udhaifu mmoja. NTFS, ule mfumo wa diski ya ndani ya kompyuta za Windows, huandika kwanza kumbukumbu ya badiliko linalotaka kufanyika, ili umeme ukikatika ijue ilikuwa imefika wapi na ijirekebishe. FAT32 na exFAT hazifanyi hivyo. Zikikatizwa katikati ya kuandika, daftari linabaki nusu jipya, nusu la zamani. RAW maana yake ni kwamba Windows imetazama hapo mwanzo wa flashi na haikutambua daftari la aina yoyote inayoijua. Haimaanishi kwamba ndani hamna kitu.

Ukifomati kwa haraka, unaandika daftari jipya tupu. Faili zako kwa sehemu kubwa zinabaki chini yake, lakini umeongeza ugumu bila sababu. Ukiondoa alama ya tiki kwenye kufomati kwa haraka, Windows zote tangu Vista huandika sifuri kuanzia mwanzo wa flashi hadi mwisho. Baada ya hapo hata fundi bingwa wa Dar es Salaam atakurudishia flashi safi na pole.

Sasa tufanye kazi. Kwanza, jaribu tundu lingine na kompyuta nyingine. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, maana yale ya mbele mara nyingi hulegea kwa kuchomekwa kutwa nzima. Ikiwezekana tumia laptopu yenye betri nzima, ili umeme wa Mtowisa usikufanyie tena uliyofanyiwa. Tazama kama flashi inatajwa na ukubwa wake. Flashi ya 16GB itaonyesha kama 14.9, na hilo ni sawa, kwa sababu kiwanda na Windows hazihesabu giga kwa namna moja. Ikionekana ina ukubwa huo, moyo wangu unatulia. Ikionekana haina ukubwa wowote, au haionekani kabisa katika kompyuta yoyote, basi tatizo liko kwenye kifaa chenyewe, na hakuna programu itakayosaidia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kusoma chipu, na gharama yake ipime kwa thamani ya kilichomo.

Yako inasema RAW, kwa hiyo usihangaike na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Itakujibu kwamba haifanyi kazi kwenye diski ya RAW. Unachohitaji ni TestDisk na mwenzake PhotoRec, programu mbili za bure alizoziandika Mfaransa Christophe Grenier. Zinakuja pamoja. TestDisk hutafuta daftari la zamani, na ikilipata inakuonyesha folda zako zikiwa na majina yake, unazinakili pembeni. Sura yake itakutisha: skrini nyeusi na maandishi meupe, hakuna kubofya kwa mausi, unatembea kwa vishale vya kibodi. Usiogope. Soma kila mstari polepole, na pasipokueleweka usikubali kuandika chochote kwenye flashi. Kuandika ni hatua ya mwisho, kunakili ndiyo ya kwanza.

TestDisk ikishindwa, PhotoRec haijali daftari kabisa. Inapita flashi nzima ikitafuta mwanzo wa kila faili, kwa kuwa picha, Word na PDF kila moja ina alama yake ya kuanzia. Inaokoa nyingi, lakini majina hayarudi. Utakuta mamia ya faili zenye herufi f na namba ndefu, na itakubidi ufungue moja moja hadi ukutane na azimio lako la kazi. Tafuta jioni tulivu, kaa na mwenzako wa ofisini, mgawane. Nakusihi jambo moja tu: vinavyookolewa viende kwenye diski ya kompyuta au flashi nyingine, kamwe visirudi kwenye hiyo hiyo inayookolewa. Ukihifadhi humo humo, unafukia kwa mkono mmoja unachofukua kwa mwingine.

Wengine mnaniandikia flashi bado inafunguka ila faili moja linagoma, au folda ina majina ya ajabu yasiyosomeka, au Windows inawaambia kuna hitilafu na inaomba kuikagua. Hapo chkdsk inafaa, lakini nakili kwanza kila kinachonakilika. Chkdsk haikupi faili zako. Inalinyoosha daftari, na kisichoingia kwenye mstari inakikata. Baada ya kunakili, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua kile kidirisha cheusi, kisha andika chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Ikimaliza unaweza kukuta folda mpya iitwayo FOUND.000, yenye faili za CHK. Usiifute. Hivyo ni vipande vilivyokosa mwenyewe, na mara nyingine kimojawapo ndicho ulichokuwa unakililia.

Halafu kuna ile ya folda zote kugeuka njia za mkato zenye mshale mdogo, na ukiibofya moja kompyuta nayo inaumwa. Hicho ni kirusi, daftari halijaharibika. Kimezificha folda zako halisi na kuweka viini macho mahali pake. Usibofye hata kimoja. Kwenye kidirisha kile kile cheusi andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zako zitajitokeza. Nakili kazi zako, futa hizo njia za mkato na programu yoyote usiyoijua iliyojificha humo, kisha uikague kompyuta yenyewe kwa kizuia virusi, kwa sababu ukiisafisha flashi peke yake itaambukizwa tena kesho asubuhi. Steshenari ambako flashi za kata nzima zinapita kwenye tundu moja ndiko kirusi hiki kinakostawi. Nyinyi mnaoziendesha steshenari, nawaomba sana: washeni ukaguzi wa kila flashi inayochomekwa. Mteja akisubiri dakika mbili hatakufa, lakini akipoteza faili za kikoba cha wanawake wenzake hatarudi kwenu.

Dada mmoja wa kwaya ameniuliza kwa nini nyimbo zao zinasomeka kwenye kompyuta lakini redio ya kanisani inakaa kimya. Redio nyingi na masabufa yanasoma FAT32 pekee. Flashi yenu huenda imefomatiwa kuwa exFAT au NTFS. Nakilini nyimbo pembeni, mfomati upya mkichagua FAT32, mzirudishe. Mkiwa na flashi inayozidi 32GB, dirisha la kawaida la Windows halitawapa chaguo hilo, kwa hiyo kwa ajili ya redio nunueni ndogo. Na wale wanaobeba sinema: FAT32 haipokei faili moja linalofika 4GB. Ukiambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele, flashi haijaharibika.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya, nalo ni flashi feki. Mtu anateremka kutoka mnadani na flashi iliyoandikwa 1TB kwa bei ya kilo chache za mchele, anafurahi. Ndani kuna chipu ya 8GB iliyofundishwa kujitangaza kuwa kubwa. Faili za mwanzo zinafunguka vizuri, ndiyo maana muuzaji haogopi kukujaribishia mbele yako. Ukishavuka uwezo wake halisi, inapokea majina ya faili tu, au inaandika mapya juu ya ya zamani, na kompyuta inaanza kulalamika juu ya mfumo wa faili. Watu wanafomati, wanafomati tena, wakidhani ni kirusi. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, kisha inakuambia ukubwa wa kweli. Ifanye siku ile ile ya kununua, kabla hujaweka kitu cha maana, na ukigundua ni feki irudishe au iache. Usimuuzie wala usimpe mwingine.

Na flashi ikianza kukataa kuandikwa, ikisema imelindwa, wakati haina swichi ya kulinda pembeni, mara nyingi imechoka. Chipu zake zinavumilia kuandikwa kwa idadi yenye kikomo, na nyingine zikifika hapo hujifunga zisomeke tu. Shukuru kwamba bado inasomeka, nakili vyote leo.

Turudi kwako, mwalimu. Kutoka huko kwenu bondeni hadi kwa fundi ni kupanda miinuko ya Lyamba lya Mfipa kwa gari, nauli ya kwenda na kurudi Sumbawanga mjini, na siku nzima bila kuingia darasani. Kwa hiyo kwako kinga ina thamani zaidi kuliko kwa mtu anayeishi jirani na fundi. Ukifika steshenari usifungue tena faili kutoka kwenye flashi. Linakili kwanza kwenye kompyuta, lifanyie kazi pale, ulihifadhi, ulifunge, kisha urudishe nakala kwenye flashi. Namna hiyo flashi inaandikwa kwa sekunde chache tu, na umeme ukikatika wakati wa masahihisho unakuta nakala ya jana bado salama. Funga Word kabisa, bofya alama ya kuitoa flashi kwa usalama, subiri uruhusiwe, ndipo uchomoe. Ukimaliza, ifute ile nakala ya kwenye kompyuta yao, ili mtihani usibaki pale ukingoja macho ya wanafunzi. Na alama za muhula usiziache mahali pamoja. Jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa mtandao unapokubali, au mpe mwenzako unayemwamini nakala kwenye flashi yake.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, usimwachie flashi ukaenda sokoni. Kaa naye. Humo mna majina ya watoto wa watu, alama zao na picha zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa taarifa za kulindwa. Kabla hajaanza, muulize maswali mawili: utaokoa kwanza au utafomati kwanza, na faili utazihifadhi wapi? Akijibu kwamba atafomati kwanza, mshukuru, chukua flashi yako, tafuta mwingine. Akishamaliza, fungua faili kadhaa mbele yake, hasa zile kubwa, ndipo ulipe. Kisha mwombe afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake ukiwa unaona.

Hiyo flashi, faili zikishatoka na ukahakikisha zinafunguka, unaweza kuifomati kwa amani na kuipima kwa H2testw. Ikifaulu, itumie kubebea mitihani ya kuchapa, vitu ambavyo nakala yake iko kwingine. Ikifeli, ivunje. Na ukikwama kwenye TestDisk, piga picha ya skrini hapo hapo ulipokwama unitumie kabla hujabonyeza chochote. Nitakujibu.