Afisa Ustawi wa Jamii: Kazi Yake na Njia ya Kuifikia

Wapo wanaodhani afisa ustawi wa jamii ni mgawa mablanketi na unga. Misaada ni sehemu ndogo tu. Shauri analokutana nalo mara kwa mara ni la matunzo: kahawa imeuzwa, baba amelipwa, watoto hawana hata daftari. Au mume ameshuka Ziwa Nyasa kuvua, na mkewe huku milimani Mbinga hapati habari zake wala hela ya matumizi.

Afisa huwaita wote wawili, huwasikiliza, kisha huandika makubaliano: kiasi gani, kila lini. Yeye si hakimu wala hamfungi mtu. Wakishindwana, shauri huenda mahakamani, na mahakama yaweza kumtaka alete taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Ndipo hufika nyumbani, akaona mtoto anakolala, akazungumza na bibi na mwalimu. Hospitalini, huwashughulikia wagonjwa wasio na uwezo wanaostahili msamaha wa matibabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake. Inamtaka pia mwananchi anayejua mtoto anateswa atoe taarifa. Kusema "ni mambo ya nyumba ya watu" si heshima, ni kumwacha mtoto. Nenda serikali ya kijiji, ofisi ya kata au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116 bila malipo. Wa Liuli na Lituhi wasipande hadi Mbinga: Nyasa ni wilaya tangu 2012, makao yake Mbamba Bay.

Unataka kazi hii? Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne, ya dini hayahesabiwi, anaweza kuomba astashahada, kisha stashahada na shahada. Chuo kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo kimesajiliwa. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira.

Cheti hakitoshi, tuseme ukweli. Kuna pikipiki, vumbi, vilima vya Umatengo vya kupanda kwa miguu, na majalada mengi. Kuna siri za watu, ambazo hazitoki hata kwa mwenzi wako. Anayejua Kimatengo au Kinyasa ana faida kubwa, maana mtoto aliyeumizwa hujieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Kabla ya kujaza fomu, fika ofisi ya ustawi ya halmashauri yako uulize kazi ilivyo.